Nyuma ya Beji ya Pembe

Kila Sabato Zachariah Momanyi alipanda mimbarani kuvilaani vyuma vya wanawake, na kila Sabato alivilaani akiwa na vyuma kifuani mwake mwenyewe.

Vyuma alivyovilaani vilikuwa ebitinge, zile pete za chuma ambazo wake wa Kigusii wa zamani walivishwa vifundoni siku ndoa yao ilipokamilika. Vyuma alivyovivaa vilikuwa nyota ya shaba ya Burma, medali mbili zenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, na juu ya zote ile beji ya Keya, jeshi la Waafrika la mfalme, pembe ndogo iliyong'arishwa hadi ikatoa macho machozi. Kwa nini Mungu achukie chuma cha mguuni na kupenda cha kifuani, hakuna aliyeuliza. Mzee wa kanisa haulizwi maswali ya namna hiyo, hasa akiwa ndiye mwenye shamba kubwa la chai kuliko wote hapo Ikonge.

Mwaka huo wa 1969 wanawake karibu wote walikuwa wameshakata pete zao na kubatizwa. Alibaki mmoja tu, na huyo alisikiliza mahubiri akiwa nje, chini ya dirisha, maana mwenye ebitinge hakupewa kiti ndani. Jina lake Nyanchera. Zachariah alipofika mahali pa kusema "mume amekwenda zake kitambo, na mke bado anaburura minyororo yake," vichwa vyote viligeukia dirishani. Walicheka kidogo, kicheko cha kanisani, cha puani.

Sasa, msidhani Nyanchera alikuwa mkaidi kwa kupenda. Pete zile mke havuliwi mumewe akiwa hai. Huvuliwa mume akifa, na wa kuzivua ni ndugu wa mume wa rika lake, mbele ya watu, na siku hiyo ndipo ukoo unapokiri kwamba mwenye mke ameondoka duniani. Bila hivyo mwanamke si mjane. Na asiyekuwa mjane hawezi kuoa kwa ajili ya nyumba, yaani kumtolea mahari binti wa watu na kumleta nyumbani azae watoto wa kuitwa kwa jina la marehemu, warithi ardhi yake. Nyanchera hakuwa amejaliwa mtoto. Kama angekufa na zile pete miguuni, jina la mume wake lingekufa pamoja naye, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mume huyo aliitwa Ogari. Yeye na Zachariah walikuwa ndugu, baba zao wa tumbo moja. Mwaka wa 1942 chifu alipotakiwa kutoa vijana wa kwenda vitani, alimtaja Zachariah. Ogari hakutajwa na mtu. Lakini mama yake Zachariah alijitupa chini akalia kwamba mwanawe anakwenda kufa peke yake ugenini, na Ogari, aliyekuwa na mke wa miezi michache tu nyumbani, akasema, "Nyamaza, mama. Nitakwenda naye na nitakurudishia." Akatembea hadi boma la Kisii akajitolea. Wengi waliitwa wajitoleaji siku zile huku wamefungwa kamba. Ogari alijitolea kweli, na alijitolea kwa ajili ya mtu.

Asubuhi ya kuondoka alimwomba mkewe kitu cha kubeba. Nyanchera hakuwa na kitu. Wakiwa peke yao ndani ya nyumba, Ogari akapiga goti, akapanua pete moja ya mguu wake wa kushoto, akaichomoa. Walicheka kama watoto wanaoiba sukari. Walijua ni mwiko, kwamba kumvua mke pete mume akiwa hai ni kumchimbia mume kaburi, lakini ujana una kiburi chake. Nyanchera hakumwambia mtu. Alizishusha zilizobaki zikaziba pengo, baadaye zikaja nguo ndefu, na ni nani anayekaa kuhesabu vyuma vya mguuni mwa mwanamke aliyeachwa?

Mwaka wa 1946 Zachariah alirudi peke yake, kifua kinang'aa. Alisimama kwenye ua wa wazazi wa Ogari akasema kwa huzuni nzuri sana kwamba ndugu yake yu hai. Alitoroka jeshi kule Ceylon kabla ya kufika Burma, akaoa mwanamke wa huko, na akaagiza kwamba Ikonge isimtaje tena. Serikali haikuleta neno lolote, na wala si nyumba hiyo peke yake iliyoachwa hivyo. Mama yake Ogari aliishi na aibu hiyo miaka miwili, akafa. Baba alikuwa ameshatangulia. Shamba la Ogari, mgongo mzima wa kilima kutoka barabarani hadi mtoni, Zachariah akalishika "kwa niaba ya ndugu yangu, hadi atakaporudi." Kisha akapanda chai. Mtu anayetunza shamba la mwenzake hapandi chai, lakini nani angesema? Nyanchera alisogezwa bondeni kwenye tope, akaachiwa kibanda na migomba michache.

Na yeye alimwamini Zachariah. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye. Aliamini kwamba ile pete waliyoichomoa ndiyo iliyoutoa moyo wa mume wake kwake. Alijilaumu miaka ishirini na zaidi, akilima tope, huku akimpisha Zachariah njiani.

Lakini binadamu ana mwisho wa kuvumilia. Sabato moja Zachariah aliongeza chumvi. Alisema labda yule mama wa vyuma anazitunza pete zake ili aziuze akiwa kikongwe. Kanisa likacheka kwa mdomo wazi. Kesho kutwa yake, sokoni Ikonge, Nyanchera akiwa kwenye ndizi zake aliwaambia wenzake kwa sauti ya kawaida, "Nasikia wale settla wa Kizungu wa Nyansiongo walipouza mashamba waliuza na beji zao za vita. Na huyu mzee wetu alikuwa na marafiki wengi kule Nyansiongo." Alisema hayo tu, akaendelea kupanga ndizi. Alitaka kumchoma kidogo, basi, naye alale na mwiba siku moja.

Umbeya hauna nauli. Kabla ya juma kuisha, habari ilikuwa imefika Masimba na kurudi ikiwa imenenepa: Zachariah hakuwahi kupanda meli, Zachariah alikuwa mchunga ng'ombe wa mzungu, zile beji alizipata kwa kubadilishana na mbuzi. Vijana walianza kumpigia saluti za dhihaka. Mzee wa kanisa akavimba.

Siku hizo palikuwa na Mjaluo mmoja wa Kisii mjini aitwaye Obura, mnunuzi wa beji za vita. Wakati wa vita alikuwa mtunza stoo ya jeshi, na tangu settla walipoanza kuondoka aliona kwamba kuna Wazungu Nairobi wanaokusanya vitu hivyo kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Alizunguka masoko na kitambaa cheusi, kioo cha kukuzia, na maneno mengi. Mwongo kidogo kwenye bei, lakini kwenye beji hakudanganya, maana alizipenda mno. Alipotandika kitambaa chake Ikonge siku ya soko, Zachariah alifika amevaa koti la jeshi, watu wakimfuata nyuma.

"Nimesikia wewe unajua," akasema kwa Kiswahili cha gwaride. "Waambie hawa."

"Karibu, mzee. Toa zote, weka kwa hii kitambaa."

Obura alianza na nyota. Aliipima kiganjani, akaigonga kwa ukucha, akaiinua juu. "Hii ni ya Burma yenyewe. Ile ya kuigiza ni nyepesi, na ncha zake ni butu. Utepe pia ni wake." Akaziweka medali kando, za kawaida, kila askari alipewa. Kisha akaichukua beji ya kofia na uso wake ukabadilika. "Sasa hapa. Kuna mtu amesema imetoka kwa settla? Settla walijitolea kwa jeshi yao, beji yao ni kichwa ya nyati. Mimi nimenunua nyati nyingi hapo Nyansiongo. Hii si nyati, omera, ndugu yangu. Hii ni pembe ya Keya, na katikati ya pembe kuna namba kumi na moja. Batalioni ya kumi na moja ilitoka Kenya hii, ikapigana na Mjapani kwa matope ya Burma. Ona vile imelika hapa pembeni. Hiyo si kuzeeka, hiyo ni kusuguliwa kila asubuhi na mtu anaogopa sajenti. Hii beji ilienda vita."

Watu wakapiga makofi. Zachariah akatazama upande wa ndizi, akamtafuta Nyanchera kwa macho, akampata. Angeishia hapo angekufa na heshima zake. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Igeuze!" akasema. "Igeuze waone na nyuma, wasije wakasema nyuma ni bandia."

"Hapo umesema, mzee. Mbele ni ya gwaride. Nyuma ndiyo inasema ukweli." Obura akaigeuza, akaisogelea na kioo chake. "Aa. Hapa iko na shida kidogo. Unaona hizi vijicho viwili? Jeshi inapitisha pini ya shaba hapa, imepasuka katikati, ndio ishike kofia. Hii pini si ya jeshi. Mtu amejitengenezea na waya. Chuma na shaba nyekundu, zimesokotwa pamoja kama kamba. Kazi safi, lakini inapunguza bei. Hao wateja wangu wanataka kitu kamili."

"Pini ilipotea vitani," akasema Zachariah bila hata kupepesa. "Hiyo niliitengeneza mwenyewe. Ni waya wa simu ya Mjapani. Niliukata kwa meno usiku tuliposhambulia kambi yao."

Watu wakaguna kwa kustaajabu. Waya wa Mjapani, Ikonge! Beji ikapitishwa mkono kwa mkono waione, na ikapita mbele ya Nyanchera, aliyekuwa amesogea kwa sababu kila mtu alikuwa amesogea.

Aliitazama mara moja tu. Baba yake Nyanchera alikuwa mtu wa majivuno, na alipomwoza binti yake wa kwanza hakutaka pete za chuma kitupu kama za binti wa jirani. Alimwambia mhunzi asokote uzi wa shaba nyekundu ndani ya chuma. Ugusii nzima Nyanchera hakumjua mwanamke mwingine aliyevaa pete za namna hiyo. Aliutambua ule msokoto kama mama anavyotambua kikohozi cha mwanawe gizani.

Hakupiga kelele. Alimpa mwenzake beji, akarudi kwenye ndizi zake akaketi.

Watu walipotawanyika alichagua chana cha ndizi mbivu, akampelekea Obura aliyekuwa akikunja kitambaa.

"Kula, baba. Nikuulize. Askari wa Keya anaweza kumpa mwenzake beji yake?"

"Ile ya kofia?" Obura akamenya ndizi. "Mama, askari atakupa sigara, atakupa blanketi, atakupa hata buti ukiwa huna. Beji ya kofia, hapana. Akikaguliwa bila hiyo analala ndani. Mimi nilikuwa stoo, niliona watu wanalia kwa sababu ya beji."

"Na ukiikuta ya mtu kwa mtu mwingine?"

Obura aliacha kutafuna. Hakuwa mjinga. "Basi mwenyewe hana kichwa ya kuivalia," akasema polepole. "Pole, mama."

Nyanchera alikwenda zake bondeni, akalia kati ya migomba kama mke anavyomlilia mumewe, kwa jina, kwa sauti, miaka ishirini na mitatu baada ya wakati. Ogari hakutoroka. Hakuoa mwanamke wa Ceylon. Alikufa na pete yake mkononi, na alikufa akiwa wake. Furaha na uchungu vilimjia pamoja hata asijue anachokililia ni kipi.

Alipomaliza akaosha uso mtoni, na hapo ndipo ilipoanza ile kazi nyingine. Alimchukia Zachariah kwa raha, kama mtu anavyokula baada ya kufunga. Kila kipande cha maisha yake alikiokota akakitazama upya na kukiona kina alama ya mkono wa mtu yule: mama mkwe aliyekufa kwa aibu, tope, dirisha la kanisa, kicheko cha puani. Na zaidi ya yote ile lawama aliyojitwika mwenyewe, ambayo Zachariah angeiondoa kwa neno moja na hakuiondoa. "Nitakutoa neno hilo," akasema kwa sauti, peke yake. "Nitakutoa ukiwa umepiga magoti."

Kumfokea sokoni kusingefaa. Angesema Ogari aliitupa beji alipotoroka, naye akaiokota, na watu wangemwamini mzee wa kanisa kuliko muuza ndizi. Ilibidi mikono yake mwenyewe ndiyo imshtaki.

Alikwenda kwanza kwa Nyangau, kaka mdogo wa baba zao wale wawili, mzee kuliko wote waliobaki katika ukoo. Hakumweleza kitu. Aliuliza tu.

"Tata, baba yangu, nikitaka kuvuliwa hizi, ni nani wa kunivua?"

"Wa rika la Ogari," akasema mzee. "Na hao wamekwisha. Amebaki Zachariah."

"Na akinivua, atakuwa amesema nini?"

"Atakuwa amesema ndugu yake amekufa. Hakuna maana nyingine. Ndugu hamvui mke wa aliye hai, hata awe amelewa."

"Asante, Tata. Naomba siku hiyo uwepo, ulitamke hilo."

Nyangau alimtazama kwa jicho lake moja zima. "Nitakuwepo, Mok'Ogari," akasema. Ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita hivyo, mke wa Ogari.

Kwa Zachariah alikwenda amejikunyata, shuka kichwani, sauti ya chini. Ungemhurumia. Alimkuta katikati ya chai yake, chai iliyomea juu ya mgongo wa Ogari.

"Mzee wa kanisa, nimechoka. Umenihubiri hadi nimesikia. Nataka nibatizwe kwenye makambi ya kanisa ya mwaka huu."

Uso wa Zachariah ukafunguka. Mwanamke wa mwisho! Alishaona atakavyolisimulia jambo hilo mimbarani. "Bwana asifiwe! Na vile vyuma?"

"Ndiyo nimekuja. Nakuomba univue wewe, kwa mkono wako, nyumbani kwangu, mbele ya kanisa na ukoo. Na uvae vazi lako la heshima, ili watu waone."

Zachariah akasita. Alikuwa Mgusii, na Mgusii hasahau kabisa. "Lakini kimila, unajua..."

"Mila?" Nyanchera akainua macho, mapana, ya mjinga. "Si wewe uliyetufundisha mila ni giza? Kama bado zina nguvu niambie, nirudi nyumbani na pete zangu, niwaambie na wengine."

Wachumaji wa chai walikuwa wamesimama wanasikiliza. Zachariah akacheka. "Giza tupu! Nitakuja Jumapili. Hata plaisi ya kubania waya nitakuja nayo mwenyewe."

Jumapili hiyo kibanda cha bondeni kilisiribwa upya na ua ukafagiliwa. Kanisa lilishuka kwa wimbo, ukoo ukashuka kwa fimbo, na soko zima likashuka kwa sababu ya kutaka kuona. Nyanchera alikuwa ameoga, amepaka miguu mafuta. Aliketi juu ya kigoda, akatandaza mkeka mbele yake. Zachariah alifika na koti lake, nyota, medali mbili, na pembe juu, na plaisi mfukoni.

"Piga magoti, mzee," akasema Nyanchera kwa upole. "Huwezi kuifikia umesimama."

Hapakuwa na njia nyingine, akapiga magoti kwenye mkeka. Nyanchera alinyoosha mguu wa kulia. Kanisa likaimba. Zachariah alibana pete ya kwanza, akaipanua, akaichomoa, akaiinua juu watu waione. "Haleluya!" Akatoa ya pili. Jasho likamtoka, maana chuma cha miaka hiyo yote hakitoki kwa kuombwa. Aliendelea hadi kifundo cha kulia kikabaki kitupu, cheupe, kimekunjamana kama kitu kilichokuwa chini ya jiwe. Wanawake wengine walifuta machozi, kila mmoja kwa sababu zake.

Hapo Nyangau akasimama. Wimbo ukafifia.

"Zachariah," akasema, "umemvua mke wa Ogari. Ukoo umeona. Ogari alikufa lini?"

Zachariah akacheka akiwa bado chini. "Omogaka, mzee wangu, hii ni ya ubatizo."

"Sikukuuliza ubatizo. Nimekuona kwa macho yangu ukimvua mke wa ndugu yako. Tangu nizaliwe jambo hilo lina maana moja. Ogari alikufa lini?"

"Tata, usimharakishe," akasema Nyanchera. "Kwanza achukue pete moja kati ya hizo alizonitoa, aiweke karibu na pini ya beji yake. Ile ya Mjapani."

Mkono wa Zachariah ukaruka kifuani. Ulifunika pembe, ukabaki pale, na kila mtu aliuona ulivyoifunika. Alitaka kuinuka. Nyanchera akanyoosha mguu wa kushoto, akauweka juu ya goti lake, si kwa nguvu, akapandisha nguo, akazisukuma pete juu pengo likaonekana.

"Tazama," akasema, na sasa sauti yake ilifika hadi barabarani. "Tazameni nyote. Kulia zilijaa. Hapa kuna pengo. Niliyempa iliyokuwa hapa ni Ogari, asubuhi aliyojitolea kwenda vitani kumlinda huyu. Hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Baba yangu alizisokota kwa shaba nyekundu, na nyinyi wazee mlizila sherehe zake. Tata, iombe beji yake."

Nyangau akanyoosha kiganja. Zachariah aliitazama njia ya kutokea, na njia ilikuwa imejaa watu. Aliichomoa beji akaitoa. Mzee akaigeuza, akaweka pete kando yake, akavisogeza karibu na jicho lake zima. Kisha akampa aliyesimama karibu, na huyo akampa mwingine. Chuma na shaba, msokoto ule ule, umezungushwa upande ule ule.

"Waya wa simu ya Mjapani," akasema mwanamke mmoja huko nyuma. Hakuna aliyecheka.

"Aliukata kwa meno," akaongeza mwingine.

Siku za mwizi ni arobaini, na Zachariah alikuwa amezipitisha mno. Alijaribu kusema Ogari aliiacha alipotoroka Ceylon. Nyangau akamuuliza kama ni Ceylon, basi ile aliyowaambia watu sokoni kwamba ni yake mwenyewe, iliyokwenda Burma, ni ipi? Na kama hii ni ya Ogari, yake iko wapi? Plaisi ilikuwa bado mkononi mwa Zachariah.

"Yangu niliiuza," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya mimbarani. "India, tukirudi. Kwa chupa ya ramu."

Kanisa likapigwa na butwaa, na sijui kama liliumizwa zaidi na kifo cha Ogari au na ile ramu.

"Na yeye?" akasema Nyanchera.

"Alikufa kwenye njia ya Kalewa, huko Burma. Mvua haikukatika. Mimi ndiye niliyekuwa na homa kwanza, akanibeba, akabeba na bunduki yangu. Kisha homa ikamshika yeye. Mimi... sikuweza kumbeba. Pini ya beji yake ilikuwa imepotea siku nyingi, alitumia kipande cha pete. Akanipa beji. Akasema, 'Mpelekee Nyanchera. Mwambie nimekufa, wamvue, asikae ananingoja.'" Zachariah alikuwa akilia sasa, makamasi yakidondokea kwenye nyota ya Burma. "Nilikuja nayo nimpe. Naapa nilikuja nimpe. Nikakuta baba yake Ogari ameshakufa, shamba limekaa wazi, na mimi sina kitu. Nikasema mwaka mmoja tu, halafu nitasema. Halafu ukaja wa pili."

Nyanchera aliufunga mkono wake juu ya beji, iliyokuwa imemrudia baada ya kuzunguka watu wote. "Asikae ananingoja." Maneno yale yalikuwa yake, yalitumwa kwake, na yalichelewa hadi nywele zake zikaota mvi. Kama alikuwa na huruma yoyote iliyobaki kwa mtu aliyepiga magoti mbele yake, hapo ndipo ilipozimika.

Nyangau aligonga fimbo chini. Akasema ukoo umesikia: Ogari amekufa, Nyanchera ni mjane, na nyumba ya Ogari ina haki ya mgongo wote wa kilima, kutoka barabarani hadi mtoni, pamoja na kilichomea juu yake. Kesho watatembea mpakani.

"Na binti wa kuoa kwa ajili ya nyumba nimeshamwona," akasema Nyanchera. "Wanawe ndio watakaochuma hiyo chai. Wataitwa wa Ogari, nawe utawasikia wakiitwa, kila asubuhi, hadi ufe."

Zachariah aliinama hadi paji la uso likakaribia mkeka. Medali zikagongana. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amemwita yule mama wa vyuma. Sasa alilipata lile jina lingine.

"Mok'Ogari," akasema, "mke wa ndugu yangu. Nisamehe."

Watu walimtazama Nyanchera. Baadhi ya wanawake wa kanisa walianza kutikisa vichwa polepole, wakimtia moyo aseme neno la Kikristo. Aliwatazama, akatazama kisogo cha mtu yule, akatazama pengo kwenye kifundo chake. Kisha akaurudisha mguu wake juu ya goti la Zachariah, akaunyoosha vizuri.

"Shika plaisi," akasema. "Mguu wa kushoto bado."